Kutafuta Utulivu Dar es Salaam: Mwongozo Kamili kwa Mwanachuo Anayetaka Kutaamali

Mwanachuo wa Dar es Salaam anayetaka kukaa kimya kwa robo saa kila siku, macho yamefumbwa na akili imetulizwa kwenye pumzi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni wapi penye utulivu. Mimi nililizungusha swali hilo karibu muhula mzima wa mwaka wa kwanza. Nilipanda daladala kwenda kila sehemu niliyosifiwa, nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, hadi nilipoelewa kwamba katika jiji hili utulivu hauna makazi ya kudumu, bali huja kwa zamu. Kimbweta, yaani meza ya saruji na viti vyake iliyojengwa nje chuoni, ambacho saa 5 asubuhi kina watu wanane wanaobishana juu ya Simba na Yanga, saa 12 asubuhi hakina hata mmoja, na umande bado umelala juu ya saruji. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa unataja maeneo mengi kwa majina, unashughulika na saa zaidi kuliko na mahali.

Nimeuandika nikimfikiria zaidi mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko ninakokujua, lakini wa Ardhi, wa Muhimbili au wa chuo chochote cha katikati ya jiji ataweza kuzifuata hatua hizi akibadilisha majina ya vituo. Neno taamuli nalitumia kwa upana. Mwislamu anayeleta dhikri ya moyoni, Mkristo anayetafakari mstari mmoja wa Zaburi, na yule asiye na nia ya ibada ambaye anahesabu pumzi zake tu, wote wanatafuta kitu kimoja, yaani dakika 15 ambazo hakuna mtu atakayewasemesha.

Hatua ya kwanza: Ijue kelele inayokusumbua

Kabla ya kutoka chumbani, nunua daftari dogo, na kwa siku tatu andika kila sauti iliyokukatisha ulipojaribu kutulia. Usiandike sauti zote ulizosikia, andika zilizokukatisha tu. Utashangaa kwamba orodha hizo mbili hazifanani. Feni inayolalamika darini, mvua juu ya bati, bahari, hata jenereta la dukani umeme unapokatika, hivi vyote vinaweza kuwa na sauti kubwa na visikuondoe kwenye pumzi yako. Kinachokuondoa ni sauti ndogo yenye maneno, kama vile mwenzako wa kitanda cha juu anayenong'ona na simu, kondakta anayeita abiria wa Mwenge, au spika ya muuza dawa ya mende ambayo imerekodiwa sentensi nne na kuzirudia tangu asubuhi. Sikio la binadamu haliwezi kuyaacha maneno yapite bila kuyafuata, hasa maneno ya lugha yake.

Kutokana na hilo utapata kipimo rahisi ambacho mimi nakiita kipimo cha maneno. Ukiwa karibu na vibanda, kituo cha daladala au mgahawa, anza kutembea kwa kujitenga navyo, na usimame pale ambapo bado unazisikia sauti za watu lakini huwezi tena kutambua wanasema nini. Hapo ndipo mpaka unapoanzia. Kwa vibanda vya kawaida vya chakula nimeona mpaka huo ukifika baada ya hatua 60 au 70 hivi, na ukuta au safu ya miti ikiwa katikati huweza kuwa nusu yake. Muziki wa singeli haumo katika hesabu hii, kwani mdundo wake unakufuata hata maneno yakiwa yamepotea, na dawa yake ni kubadilisha saa, si kuongeza hatua.

Hatua ya pili: Chora ratiba ya kelele

Daftari likishajaa, chora jedwali la saa za siku na uweke alama. Kwa maeneo mengi ya jiji hili jedwali hilo hutoka hivi. Adhana ya alfajiri husikika karibu na saa 11, ikitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi, na jua huchomoza takriban saa 12 kamili mwezi Novemba na nusu saa hivi baadaye mwezi Julai. Kati ya adhana na jua kuna saa moja na zaidi ambayo ndiyo tajiri kuliko zote. Nayo ina mawimbi yake: watu wakishatoka msikitini kunakuwa shwari, kisha zinaanza ndoo za bafuni, kisha kunguru. Kunguru wa Dar wapewe mstari wao peke yao katika daftari, kwa sababu hulala kwa makundi katika miti mikubwa na hukaa bungeni alfajiri wanapotawanyika na jioni wanaporejea. Kabla ya kukubali mti wowote uwe wako, tazama ardhi chini yake. Ikiwa imepakwa chokaa ya vinyesi, mti huo umeshapangishwa.

Kuanzia saa 1 asubuhi vipindi vinaanza na chuo kinajaa. Baada ya chakula cha mchana, kati ya saa 8 na saa 9, kuna ufa mwembamba ambao wengi hawauoni, kwa kuwa joto limewalaza watu na hata wapiga debe wanapunguza sauti. Ukipata kivuli chenye upepo, dakika 20 za hapo ni halali yako, ingawa utapambana na usingizi. Jioni hakuna cha kutafuta.

Wiki nayo ina umbo lake. Jumapili asubuhi eneo la chuo huwa tupu kiasi cha kusikia majani yakianguka, wakati mitaa ya nje yenye makanisa ya turubai na spika haikaliki. Usiku wa Jumamosi mitaa ya uswahilini ina vigodoro, na kama umepanga chumba huko, tengeneza ratiba ya kulala mapema Ijumaa badala ya kugombana na ngoma ambayo imeshafungwa. Muhula pia hubadilika. Wiki bumu, yaani pesa za mkopo za kujikimu, linapoingia, hosteli husherehekea, na wiki za mitihani vimbweta hujaa wasomaji hadi usiku wa manane. Hao wa mitihani, kinyume na unavyodhani, ni majirani wazuri, kwani mtu anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, hana muda wa kukuuliza unafanya nini.

Mwisho kabisa zingatia majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huondoa karibu kila mahali pa wazi katika orodha yako, na hapo ndipo utakapojua kama ulijiwekea mahali penye paa. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa ni ya baridi kiasi na kukaa nje kunavumilika hata saa 4 asubuhi. Miezi ya kaskazi yenye joto kali, kama Januari na Februari, usijidanganye kupanga muda wowote baada ya saa 2.

Hatua ya tatu: Anza na chuo chako

Mahali pa kila siku pawe umbali wa dakika zisizozidi kumi kwa miguu. Kanuni hii ni ngumu kuliko zote nitakazozitaja, na nimeona wenzangu wengi wakishindwa si kwa kukosa nia, bali kwa sababu walijichagulia sehemu nzuri inayohitaji nauli. Nauli ikipungua, taamuli inakufa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimebahatika kwa hilo, kwa kuwa kimekaa kilimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, na majengo yake yametawanywa katika eneo kubwa lenye miti mingi. Kwanza tafuta vimbweta vya pembeni. Usivitazame vile vya mbele ya mgahawa au vya njiani kuelekea madarasa ya Yombo, kwani huko kila anayepita ni mtu unayemfahamu. Vitafute vile vilivyojengwa nyuma ya idara, vilivyopasuka kidogo, ambavyo havina soketi ya umeme karibu. Soketi ndiyo inayoleta watu. Mahali pasipo na soketi wala mtandao mzuri pana nafasi kubwa ya kubaki peke yake, na hiyo ni kanuni utakayoweza kuitumia mji wowote.

Pili, fikiria madarasa. Chumba cha semina ambacho kipindi chake cha kwanza ni saa 3 huwa kitupu saa 12:30, na mara nyingi mfanyakazi wa usafi ameshakifungua. Msalimie, mwombe ruhusa, na usipunguze heshima kwa kuwa ameshika ufagio. Mama mmoja wa usafi ndiye aliyenifundisha ni chumba kipi hakina mwangwi na ni kipi popo hulala. Kaa karibu na mlango ukiuacha wazi nusu, ili atakayeingia asishtuke kukukuta gizani.

Tatu, maktaba. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyozinduliwa mwaka 2018, ina nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja, na wengi hudhani kwamba hapo ndipo mahali pa kwanza pa kutaamali. Mimi sikubaliani nao. Maktaba ina ukimya, lakini ni ukimya wenye watu wanaohema kwa mawazo ya mitihani, wenye kiti kinachoburuzwa, na wenye macho. Itumie siku za mvua, ukae kiti cha mwisho cha safu ukielekea ukutani, na usizidishe dakika kumi, kwa kuwa kuna mtu anayekihitaji kiti hicho kusomea.

Nne, miti ya kilimani. Ni mizuri na ina kivuli kizito, lakini usiingie ndani sana. Baki mahali ambapo bado unaiona njia, tazama chini kabla hujaketi kwa ajili ya siafu, na usibebe chakula, maana tumbili wa Mlimani wameshajifunza mkoba una nini kuliko mwenye mkoba.

Nyumba za ibada zilizomo ndani ya vyuo zina saa zake za wazi, na kwa muumini wa dini husika hakuna mahali palipo rahisi zaidi. Kati ya adhuhuri na alasiri, msikiti ambao haufungwi huwa na watu wachache waliojinyoosha au wanaosoma Kurani kwa sauti ya chini. Kanisani, siku za kazi, saa za mchana huwa ni za watu wawili watatu. Asiye wa dini hiyo amwombe ruhusa anayehusika, avae kwa staha, na akubali jibu atakalopewa.

Hatua ya nne: Jifunze kukaa bila kuulizwa

Waandishi wa miongozo ya namna hii mara nyingi huruka jambo hili, na mimi naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika miji yetu mtu aliyekaa peke yake, kimya, macho amefumba, ni mtu mwenye tatizo, na watu wetu hawawezi kumpita mwenye tatizo. Ni uungwana, si udaku. Lakini uungwana huo utakukatisha mara nne katika robo saa usipojiandaa.

Siku moja, nikiwa mwaka wa pili, niliketi katika bustani ya ofisi moja mjini ambayo geti lake huwa wazi. Nilikuwa nimesimamisha mgongo kama nilivyosoma, mikono juu ya magoti, macho nimefumba. Nikasikia viatu vikija juu ya kokoto, vikasimama.

"Shikamoo mzee," nikasema kabla hajaanza.

"Marahaba. Kijana, umefiwa?"

"Hapana mzee."

"Umekosa ada?"

"Hapana mzee, napumzika tu."

Akanitazama kwa muda. Alikuwa mlinzi mtu mzima, rungu ameliweka kwapani. "Anayepumzika anaegemea," akasema. "Wewe umekaa kama unasubiri kuitwa. Watu wa ofisini wamekuona dirishani wakanituma. Siku nyingine shika hata kitabu."

Nimekuwa na walimu wengi wa taamuli tangu siku hiyo, na hakuna aliyenipa ushauri wa manufaa zaidi. Shika kitabu. Kifungue juu ya mapaja, inamisha kichwa kidogo, na utaweza kufumba macho kwa dakika 20 bila mtu kushughulika nawe, kwa sababu mwanafunzi aliyesinzia juu ya kitabu ni picha ambayo kila mtu anaifahamu. Vipokea sauti vya masikioni, hata visipocheza chochote, hufanya kazi ileile, isipokuwa mahali penye vibaka, ambapo vitakuwa tangazo la kuwa una simu.

Egemea ukuta au mti kama mzee alivyosema. Mgongo ulionyooka unaweza kuwa na kitu nyuma yake bila kupoteza chochote. Usikae sakafuni mahali ambapo kuna benchi tupu, wala usikunje miguu kwa mtindo ambao wapita njia wameuona katika filamu tu, kwani utajikuta ukijibu maswali ya dini badala ya kuhesabu pumzi. Na popote utakapopafanya pawe pako, msalimie mlinzi wa hapo kabla hujaketi, umwambie kwa sentensi moja kwamba utapumzisha kichwa robo saa kisha uende darasani. Mlinzi aliyeambiwa huwa mlinzi wako. Asiyeambiwa atakuja kuuliza, na ana haki.

Hatua ya tano: Chagua mahali pamoja pa mjini kwa wiki

Mara moja kwa wiki, ikiwa nauli inaruhusu, inafaa kutoka nje ya chuo, kwa kuwa mahali pa kila siku huzoeleka hadi akili ikaanza kupafanya chumba cha kuwazia madeni. Nitayapanga maeneo ninayoyajua kwa namna yanavyofikika kutoka Mlimani.

Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kilifunguliwa mwaka 1966 na kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kuna kiingilio, kwa hiyo nenda na kitambulisho cha chuo na uulize bei ya mwanafunzi. Nenda asubuhi kinapofunguliwa siku ya kazi, kabla ya misafara ya shule za msingi, na kabla ya ngoma ambazo kwa kawaida hupigwa mchana. Keti nje ya nyumba iliyo mbali na geti, kwenye kivuli cha paa la nyasi. Barabara utaisikia, lakini bila maneno.

Kwa wanaokwenda katikati ya jiji, panda Mwendokasi Ubungo hadi Kivukoni. Ukishuka utakuwa karibu na makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, yote yakitazama bandari. Kuta zake nene zinafanya kazi ambayo hakuna jengo jipya la vioo linaloweza kuifanya, yaani kuzuia joto na honi kwa pamoja. Ukiingia Mtakatifu Yosefu kutoka kwenye jua la Sokoine Drive, subiri dakika mbili macho yazoee, chagua benchi la nyuma pembeni, na ujue saa za misa ili usijikute katikati ya ibada ambayo hukuikusudia.

Kutembea kidogo kutoka hapo, Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 bado ipo upande wa Mtaa wa Samora, imepungua ukubwa lakini ina miti mikongwe. Wafanyakazi wa maofisi huijaza saa za chakula, kwa hiyo ifikie kabla ya saa 4 au baada ya saa 8. Makumbusho ya Taifa yapo jirani, na siku ya mvua ukumbi wake wenye picha za kale unafaa kwa mtu anayeweza kutaamali akiwa amesimama mbele ya kitu kimoja kwa muda mrefu. Maktaba Kuu ya Taifa, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ninaipendekeza kwa sababu moja tu, kwamba wasomaji wake wengi ni wanafunzi waliozama kwenye madaftari yao na hawana habari nawe.

Bahari nayo inahitaji maelezo, kwa maana ndiyo jibu la kwanza la kila mtu. Coco Beach kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku ni sehemu ya mihogo, mishikaki na muziki, na hakuna ubaya wowote katika hayo, ila usiende na nia ya kukaa kimya. Siku za kazi, kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi, ufuo ule unakuwa wa wakimbiaji na wavuvi wachache, nao hawasemeshi mtu. Angalia maji. Yakijaa, mawimbi hupiga karibu na sauti yao hufunika barabara yote, na yakipwa hurudi mbali na kuacha miamba, na honi za Toure Drive husikika wazi. Saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukikuta yamejaa vizuri saa 1 asubuhi Jumatatu, Ijumaa yatakuwa yamejaa karibu na saa 4 na nusu. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu, basi usiweke viatu mahali ambapo mchanga ni mbichi ukafumba macho.

Upande wa makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, pana nyasi zilizokatwa na ukimya usio na mfano, kwani makaburi hayo yalihamishiwa pale mwaka 1968 na yanatunzwa vizuri. Nimekaa hapo mara mbili. Sikuendelea, kwa sababu mwenzangu wa chumbani alipojua alianza kunitazama kwa jicho ambalo mtu aliyekulia Uswahilini atalielewa bila maelezo.

Kwa siku nzima ya mapumziko, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ndiyo iliyo karibu, lakini hifadhi hiyo ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo fuata utaratibu wa kuingia na nendeni watu wanne au watano.

Hatua ya sita: Jilinde

Usikae peke yako ufukweni au kichakani kabla ya mwanga kukamilika, hata kama saa yako nzuri ndiyo hiyo. Saa ya kabla ya jua itumie ndani ya uzio wa chuo au nyumbani. Wasichana wengi niliowafahamu walikaa wawili wawili, mmoja akifumba macho na mwingine akisoma, kisha wakibadilishana, na mpango huo ni mzuri hata kwa wavulana. Laptopu ibaki chumbani. Simu iwe mfukoni wa mbele, si juu ya benchi, na umwambie mtu mmoja unakokwenda.

Mbu wa jiji hili hawana likizo. Wa dengue huuma mchana, wa malaria huuma usiku, na Dar imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Paka dawa ya mbu miguuni na vifundoni kabla hujaketi, maana huko ndiko wanakoanzia, na mtu aliyeamua kutokusogea ni karamu.

Hatua ya saba: Jaribu kabla ya kuamua

Usipakubali mahali kwa kupaona mara moja. Keti hapo siku tatu tofauti, saa ileile, na uweke kengele ya simu ya mtikisiko kwa dakika kumi. Kila unapokatishwa na kitu cha nje, kunja kidole kimoja. Usihesabu mawazo yako mwenyewe, hayo yatakuwepo hata jangwani. Ukimaliza na vidole visivyozidi viwili kwa siku zote tatu, umepata. Vikizidi vitano, usilaumu mahali kwanza. Rudi saa nyingine, mapema kwa nusu saa, na upime upya. Katika maeneo saba niliyoyakataa mwaka wa kwanza, matatu niliyarudia baadaye kwa saa tofauti na yakanifaa hadi namaliza shahada.

Kuhusu kukaa kwenyewe sina mengi. Weka nyayo zote mbili chini, legeza mabega, hesabu pumzi zinazotoka kuanzia moja hadi kumi, na ukipoteza hesabu anza moja bila kujisemea maneno mabaya. Anza na dakika kumi kwa wiki mbili kabla ya kwenda 15. Kelele ikija na maneno, isikie kama unavyosikia mvua, na ikishindikana fungua macho, maliza muda wako ukitazama kitu kimoja cha karibu, ufa wa kimbweta au jani. Wengi huondoka katikati wanapokatishwa, na wakiondoka mara tatu mfululizo hawarudi tena.

Hatua ya nane: Weka pa akiba

Itatokea siku ambayo mvua inanyesha, una homa kidogo, au kimbweta chako kimekaliwa na kikundi cha kazi ya darasa. Kwa siku hiyo uwe na mahali pa dharura palipo ndani ya jengo unalolala. Katika hosteli yetu palikuwa ngazi ya mwisho ya juu kabisa, inayoelekea paani, ambako watu walianika nguo. Saa 3 usiku hakuna aanikaye nguo. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shuka zilizosahaulika zikipepea, na maneno ya vyumba vyote vya chini yakinifikia kama mngurumo mmoja usio na maana. Kama hata ngazi hakuna, kubaliana na wenzako wa chumbani. Waambie ukweli, kwamba kila siku saa fulani utalala chali dakika 15 ukiwa umejifunika shuka usoni, na usisemeshwe. Watacheka wiki moja. Mimi niliwalipa kwa kuwachotea maji siku za mgao, na makubaliano yalidumu.

Na ukishapata kimbweta kizuri, fikiria mara mbili kabla ya kumpeleka mtu. Cha kwangu cha kwanza, nyuma ya idara moja, chini ya mwembe usio na kunguru, nilimwonesha rafiki mmoja tu. Wiki iliyofuata alikuja na wawili. Wiki ya tatu niliwakuta sita, mmoja ameleta ubao wa drafti, na wakanisogezea nafasi nikae, kwa uungwana wote, wakiniuliza mbona leo nimechelewa. Nilikaa, nikacheza mchezo mmoja, nikafungwa, na kesho yake saa 12 kasoro dakika kumi nilikuwa upande wa pili wa kilima na daftari langu, nikihesabu hatua kutoka kwenye vibanda.